Stendi nyepesi za dramu kwa anayepanda bajaji

Kaka, umeuliza stendi gani zitaingia kwenye bajaji pamoja na dramu zako, Mbagala hadi Masaki, bila kukuua mgongo. Angalia miguu kwanza. Stendi ambayo kila mguu ni bati moja (ukanda mmoja wa metali, si miwili sambamba) inatosha kabisa kwa simbali ya inchi 16 au 18. Za bati mbili ni nzito, waachie wenye gari. Seti ya Yamaha Crosstown ni ya aluminiamu, stendi zote nne ni kama kilo 8 tu. Za chuma nzito, mbili peke yake zinakaribia hapo!

Zile za miguu bapa inayolala sakafuni nazo ni nyepesi, ila ukitundika raidi (ile simbali kubwa) ya inchi 22 kwenye mkono mrefu, zinayumba. Hakikisha mkono umeelekea juu ya mguu mmojawapo, si katikati ya miwili.

Kigoda cha kukalia usibanie uzito. Changu chepesi kilifyatuka nati katikati ya sebene, nikamaliza wimbo nimechuchumaa, mpiga besi anacheka.

Ukipiga ufukweni, Coco au Kigamboni, futa chumvi kwa kitambaa kikavu kabla ya kufunga begi.