Muulize Mpiga Besi Habari za Mpiga Solo
Maswali ya wasomaji: kukusanya historia ya bendi za zamani

SWALI: Shikamooni wahariri. Tuko vijana watatu hapa Mtwara, tunataka kuandika historia ya bendi ya dansi iliyotamba huku Kusini miaka ya 1970. Wapigaji watano bado wako hai: mmoja yuko Mikindani, wawili Masasi, wawili Lindi. Tumeanza na yule kiongozi. Kila tukimuuliza mwaka anakasirika, au anataja wowote ili tumwache. Tufanyeje? (Msomaji, Mtwara)

JIBU: Marahaba. Acheni kuuliza mwaka. Mwanamuziki hakumbuki kwa kalenda. Anakumbuka nani alisimama kushoto kwake jukwaani, gitaa lilikuwa la nani, dansi lilifunguliwa kwa wimbo gani. Muulizeni hayo, mwaka mtautafuta wenyewe.

Mtaupata kwa kulifunga tukio lake kwenye jambo linalojulikana. Azimio la Arusha ni Februari 1967. Uhuru wa Msumbiji ni tarehe 25 Juni 1975, na mtu wa Nachingwea, walikokuwa na kambi FRELIMO, hapotezi hilo. Vita vya Kagera ni 1978 hadi 1979. Kifo cha mwimbaji na mpiga gitaa Mbaraka Mwinshehe ni Januari 1979. Muulizeni mpiga gitaa yeyote wa rika lile alikuwa bendi gani habari zilipofika. Msimu wa korosho nao unasaidia kupata miezi: mzee akisema "tulipiga Newala, watu wana pesa", anzeni kufikiria Oktoba hadi Desemba. Lakini akisema gari lilikwama wakisubiri kivuko cha Rufiji, mmejua tu kwamba ni kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003. Kila gari lilikwama pale.

Majina ya bendi nyingine nayo yanapima muda. NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi, ilianza 1964, baadaye ikabadili jina ikawa JUWATA, kisha OTTU, ndiyo hii Msondo Ngoma. Mlimani Park ilianzishwa 1978. Kwa hiyo anayesema "tulipambana na Mlimani Park mwaka 1975" amechanganya bendi au amechanganya mwaka. Msimbishie. Andikeni alivyosema, na pembeni wekeni alama ya kuuliza.

Kosa lenu la pili ni kuanza na kiongozi. Simulizi yake ikisambaa, wenzake watairudia, nanyi mtadhani mmepata mashahidi watano kumbe ni mmoja. Rekodini kila mtu peke yake kwanza, mkianza na waliosimama nyuma: besi, ridhimu (gitaa la kusindikiza), dramu, tumba. Mpiga solo, yaani gitaa la kuongoza, huangalia vidole vyake na warembo wa mbele. Mpiga besi alisimama karibu na dramu, akiwaona wote, na ndiye anayejua nani alichelewa kuingia, nani alilewa, nani aliziba pengo. Muulizeni kila mmoja habari za mwenzake kabla ya kumuuliza zake. Kikao cha pamoja kije mwisho, baada ya kunakili maneno ya kila mmoja.

Nendeni na gitaa, nyuzi zote sita zikiwepo, ila msilitune. Mwacheni mzee alitune mwenyewe huku mashine inarekodi, maana namna anavyokaza nyuzi ni ushahidi wa upigaji wake. Kisha mwambieni apige ridhimu ya wimbo mmoja taratibu, aonyeshe second solo (gitaa la kati ya solo na ridhimu) iliingia wapi na chemko, ile sehemu ya kuchezea, lilianzia wapi. Vidole vikiwa vimekakamaa, aimbe ile sehemu ya gitaa kwa mdomo. Mkiwa na wimbo kwenye simu, mpigieni sekunde 20 au 30 tu, msimamishe, muulize: "Huyu ni nani?" Mkiuacha uishe, mzee ataimba pamoja nao, mtafurahi wote, na hamtakuwa na historia yoyote.

Dakika 60 hadi 90 kwa siku zinatosha kwa mtu wa umri huo.

SWALI: Simu inatosha, au lazima tukodi mashine? (Msomaji huyohuyo)

JIBU: Simu inatosha mkiwa na maiki ya kubana kwenye shati, shilingi chache kuliko kukodi. Ibaneni kama sentimita 20 chini ya kidevu, mbali na mkufu na tasbihi. Simu iwe kwenye hali ya ndege. Simu ikiita katikati ya jibu zuri, jibu halirudi. Tumieni programu inayohifadhi WAV, si ile inayobana sauti. Kwa kilohezi 48 na biti 24, chaneli moja, saa moja inakula karibu megabaiti 520, basi angalieni nafasi mapema. Sauti yake ya juu kabisa icheze karibu na -12 desibeli. Ikigonga sifuri imepasuka, hakuna fundi wa kuirudisha. Zimeni feni hata kama ni Januari. Kaeni chumba chenye godoro na mapazia, na mvua ikianza kupiga bati, simamisheni mnywe chai.

SWALI: Wazee wawili kila mmoja anasema wimbo uleule ni wake. Tumwamini nani? (Msomaji, Masasi)

JIBU: Huenda wote. "Kutunga" kwenye bendi za dansi kuna maana nyingi: mmoja alileta maneno, mwingine sauti ya kuimbia, wa tatu alipanga magitaa mazoezini, na lebo ya santuri ikabeba jina moja. Ulizeni kazi kwa kazi: nani alikuja na beti ya kwanza, nani alianzisha ile solo ya mwanzo, nani aliongeza kibwagizo. Majibu yakigongana, chapeni yote mawili kwa majina yao. Msitafute katikati, katikati hakuna aliyekuwepo.

Mkitaka kuutumia wimbo wenyewe, na si kuusimulia tu, hapo ni hakimiliki. Sheria ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, kwa hiyo warithi nao wanahusika. Nendeni COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kabla ya kuchapa.

SWALI: Kilwa Jazz ilikuwa bendi ya Kilwa? (Msomaji, Kilwa Masoko)

JIBU: Jina tu. Ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1958, chini ya Ahmed Kipande. Western Jazz nayo ni ya Dar, ingawa jina ni la jimbo la magharibi. Mashahidi wa Kilwa Jazz watafuteni Dar kwanza.

SWALI: Nina kaseti za bendi ya zamani, zimekaa sandukuni Lindi, zina unga mweupe. Nizipige? (Msomaji, Lindi)

JIBU: Usizipige bado. Ule unga ni ukungu wa unyevu wa pwani, na ukiingia kwenye redio utahamia kaseti nyingine. Vaa barakoa, uondoe wa nje kwa brashi laini nje ya nyumba, kisha ziache siku kadhaa kwenye kopo linalofunga pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu. Usizianike juani, joto linakunja mkanda.

Kabla ya kucheza, vunja vile vibanzi viwili vya mgongoni ili usirekodi juu yake kwa bahati mbaya. Peleka mkanda hadi mwisho na uurudishe mara moja, ili tabaka zilizogandana ziachane. Ikiwa ni ya dakika 120, zungusha kwa penseli, maana mkanda wake ni mwembamba na unajikunja. Kaseti ikipiga kelele au kile kisponji cha mbele kimedondoka, hamishia mkanda kwenye ganda jipya lenye skrubu. Mkanda ukikatika usitumie selotepu ya dukani. Gundi yake hutoka na kushika hedi, kile kichwa cha redio kinachosoma mkanda.

Safisha hedi kwa pamba na spiriti isiyo na mafuta. Sauti ikiwa nzito kama iko chini ya blanketi, zungusha kidogo sana skrubu ndogo iliyo pembeni ya hedi huku ukisikiliza matoazi, hadi yang'ae. Kila kaseti ina mahali pake pa skrubu hiyo. Pitisha sauti kwa waya kutoka tundu la hedifoni hadi kompyuta, usishike simu mbele ya spika. Na kama mdundo unaonekana umelegea, huenda ni mkanda wa mota ya redio yako. Ile nakala ya kwanza iache ilivyo, marekebisho yafanyie kwenye nakala ya pili.