Mpini wa patasi ya babu: ni mpingo kweli?

SWALI: Patasi niliyoachiwa na babu ina mpini mweusi tititi. Mafundi wawili wameniambia ni mpingo. Wa tatu anakataa. Ubavuni kuna vijistari vyembamba, kama mikwaruzo ya sindano, vinavyofuata urefu wa mpini. Nilipokwangua kidogo karibu na kipete, ile pete inayobana mpini, chini ya weusi ikatokea rangi ya kahawia hafifu. Ni mzito mkononi. Nitaujuaje mti wake bila kuuharibu?
– Mjukuu wa seremala

JIBU: Mjukuu, namuunga mkono fundi wa tatu, na ushahidi umeuandika mwenyewe. Vile vijistari ni mirija iliyopandisha maji mti ulipokuwa hai, sasa imepasuliwa kwa urefu. Mirija ya mpingo ni midogo mno. Ubavu wake huteleza kama pembe, jicho tupu halioni kitu. Tena weusi wa mpingo umezama hadi ndani. Huo wako unakwanguka, basi umepakwa, au ni mafuta ya viganja, au ni chuma kilichokutana na tanini, ule ukali wa asili uliomo ndani ya mti. Na uzito usikudanganye: sehemu kubwa ya unachokisikia mkononi ni chuma cha patasi.

Sasa geuza mpini utazame kitako. Katikati, panapopigwa nyundo, nyuzi zimepondeka, kwa hiyo chagua ukingoni. Chukua wembe mpya, ukate ganda jembamba, nusu ya ukucha yatosha, kwa pigo moja. Tia tone la maji, kisha tazama kwa lenzi inayokuza mara 10. Msasa usiuguse, nakusihi. Vumbi lake huziba vitundu vyote na hutaona chochote.

Ukiona vitundu vikubwa vimejipanga mviringo, pete baada ya pete, na miale minene inayotoka katikati kwenda nje kama njiti za baiskeli, huo ni mwaloni. Ndio ninaoushuku, kwa kuwa una tanini nyingi na huwa mweusi haraka ukikaa na chuma chenye unyevu. Pete zipo lakini miale haionekani bila lenzi? Fikiria eshi, mti wa jamii ya mzeituni. Hikori, wa jamii ya mti wa jozi, hufanana nao sana, ila kati ya pete na pete lenzi huonyesha vijistari vyeupe vinavyokatiza miale, mfano wa wavu. Hiyo miwili ndiyo inayonichelewesha hata mimi. Hukata mara mbili au tatu kabla ya kutaja jina.

Niliwahi kuletewa randa nyeusi iliyosifiwa kuwa mpingo. Nilipoukwangua ubavu, vikatokea vidoa vifupi vya kahawia, kama punje za mchele zilizotawanywa. Ilikuwa ya mti uitwao bichi (beech), imekolezwa na mikono tu. Mwenyewe alinyong'onyea, nami nikamwonyesha alama ya kidole gumba iliyochimbika pale aliposhika fundi wa kwanza kuitumia randa hiyo.

Kama bado una shaka, tupa lile ganda ndani ya maji. La mpingo huzama papo hapo. La mwaloni mkavu huelea kwanza. Ukishamaliza, paka mafuta ya kitani palipokatwa, na weusi wa babu uuache ulivyo.