Mguu Uliokanyaga Breki Isiyokuwepo

Kwa miaka miwili baada ya basi letu kupinduka karibu na Segera, niliamini nimepona, kwa sababu sikuvunjika mfupa na habari ya ajali niliweza kuisimulia popote bila kutokwa na chozi. Kilichonisumbua ni kifua kubana, mabega kuwa magumu kama gogo, na usingizi kukatika kila ifikapo saa nane za usiku. Nilipimwa moyo na presha nikaambiwa ni mzima, na huo ndio ushauri wangu wa kwanza: anza hospitali, maana si kila kifua kinachobana kimebanwa na huzuni.

Mwanasaikolojia niliyepelekwa kwake hakuniuliza habari za ajali siku ya kwanza. Aliniuliza nimefikaje, nami nikaanza kumlalamikia dereva wa bajaji na mwendo wake, akanikatiza kwa upole: "Mama, huo mguu wa kulia unafanya nini?" Nikatazama chini. Nilikuwa nimeukandamiza sakafuni hadi vidole vimekunjamana ndani ya kiatu na paja zima limekaza. Mimi sijui kuendesha gari. Siku ile nilikuwa abiria tu, nimeketi nyuma ya dereva.

Tunapokutana na hatari, mwili humwaga adrenalini, moyo huenda mbio na misuli hukaza ili tupigane au tukimbie. Abiria aliyebanwa kitini hana nafasi ya kufanya lolote kati ya hayo, na baadhi ya watu hubaki katika tahadhari hiyo muda mrefu baada ya hatari kupita. Mmarekani Peter Levine alijenga juu ya hoja hii njia yake ya kutibu mshtuko kwa kusikiliza mwili, iitwayo Somatic Experiencing, ingawa wataalamu bado wanabishana kuhusu maelezo yake. Zoezi la kukaza na kulegeza misuli lina umri mkubwa zaidi: daktari Edmund Jacobson wa Chicago alilichapishia kitabu mwaka 1929, na linafundishwa hadi leo.

Kazi yetu ilikuwa ndogo kiasi kwamba niliona uchungu kuilipia. Niliukandamiza mguu ukutani kwa makusudi, kisha nikaulegeza polepole zaidi, huku nikitaja ninachokisikia: joto pajani, ubaridi viganjani, tumbo kunguruma. Mapigo ya moyo yalipopanda alinisimamisha, akaniambia nitazame dirishani na kutaja ninavyoviona, mwembe, tangi la maji, kanga iliyoanikwa, ndipo turudi. Wiki ya tatu magoti yalitetemeka yenyewe kwa dakika kadhaa, kisha nikalia, si kwa ajili yangu bali kwa ajili ya jirani yangu wa kitini ambaye sikuwahi kumuuliza jina.

Nilikosea pale nilipojaribu kuharakisha. Jumamosi moja nilijifungia chumbani, nikafumba macho na kujilazimisha kukumbuka kila kitu, nikashinda kitandani kutwa nzima huku kichwa kikigonga. Ikiwa kufumba macho kunakutia hofu, yaache wazi. Masaji huburudisha, lakini si tiba hii ya kusikiliza mwili. Na mtaalamu anayekugusa bila kukuomba ruhusa, au anayekuahidi kupona kwa siku moja, mwache hata kama umeshamlipa. Dawa ulizoandikiwa usiziache bila kumwona daktari, na ukijiwa na mawazo ya kujidhuru usingoje miadi ijayo, nenda hospitali siku hiyo hiyo ukiwa na mtu wako wa karibu.

Nikisafiri kutoka Tanga kwenda Dar es Salaam, mguu bado hukanyaga tunapoikaribia Segera. Siushindi nguvu tena. Huuacha ukanyage, nikashusha pumzi taratibu, kwani pumzi ndefu ya kutoka hupunguza kasi ya moyo, na mara nyingi huwa umeshalegea kabla muuza machungwa hajafika dirishani kwangu.