Siku 75 nyumbani Kigoma

Vyuo vilipofungwa Machi 2020 nilikuwa mwaka wa pili, Dodoma. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa tarehe 16, na siku mbili baadaye tukaambiwa tufungashe. Nilishuka basi Kigoma na begi moja, nikidhani ni likizo fupi. Vyuo vikafunguliwa Juni 1. Naandika kwa ajili yako uliye nyumbani sasa hivi kwa sababu yoyote ile: umeahirisha mwaka, ada imekwama, au chuo chenyewe kimefungwa. Kusubiri tarehe usiyoijua kunachosha kuliko mtihani.

Kilichoniharibu kwanza ni usingizi. Chuoni kulikuwa na kipindi cha saa mbili asubuhi, kulikuwa na foleni ya chakula, kulikuwa na mtu wa kunigongea mlango. Nyumbani, eneo la Mwanga hapa Kigoma mjini, hakukuwa na cha kuniamsha. Nikaanza kulala saa nane usiku, kisha saa kumi, simu mkononi, nikisoma habari za vifo mpaka bando liishe. Naamka adhuhuri kichwa kizito, sina hamu ya kula wala ya kuoga. Daftari sikulifungua wiki tatu. Usiku, kutoka uani kwetu, nilikuwa naziona taa za wavuvi wa dagaa ziwani. Wale nao hulala mchana, lakini wamevua. Mimi nilikuwa nimekesha bure, na hilo liliniumiza sana.

Sikumwambia mtu. Tanzania hatukufungiwa ndani. Soko lilikuwa wazi, watu walikuwa kazini. Jirani zetu wa Uganda shule zao zilikuja kufunguliwa kikamilifu Januari 2022. Nikajiona sina haki ya kulalamika. Hapo nilikosea, na nakuomba usirudie kosa hilo. Maumivu hayapimwi kwa kulinganisha na ya jirani. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka wa kwanza wa korona wasiwasi na sonona (huzuni nzito isiyoisha) viliongezeka duniani kwa asilimia 25, na vijana walikuwa miongoni mwa walioathirika zaidi. Sikuwa peke yangu, ila sikujua.

Aliyenitoa ni mama mdogo, anayeuza dagaa Kibirizi, mwalo wa wavuvi hapa mjini. Hakunihubiria. Alikuja siku moja akasema, "Baba, kesho asubuhi njoo unisaidie kuanika, mgongo unaniuma." Nikaenda kwa aibu tu. Kesho yake akaniita tena. Mitumbwi inaingia alfajiri, dagaa wanatakiwa kuanikwa jua likiwa bado changa, na dagaa hawasubiri mtu aliyelala. Kufika wiki ya pili nilikuwa nasinzia saa tatu usiku bila kupenda. Usingizi uliporudi, hamu ya kula ikaufuata, na baada ya hapo ndipo niliweza kusoma, saa moja tu kila jioni, ukurasa kwa ukurasa. Mbalamwezi ilipong'aa, taa za wavuvi zikashindwa kuvuta dagaa na wao wakapumzika, niliendelea kuamka mapema hivyo hivyo, nikatembea hadi mwaloni na kurudi.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza hauhusu vitabu. Tafuta kazi ambayo mtu mwingine anakutegemea uifanye asubuhi. Kuchota maji, kufungua duka la mjomba, kumpeleka mdogo wako shule. Ratiba uliyojipangia mwenyewe utaivunja; mtu anayekusubiri utaona haya kumwangusha. Na simu ilale chumba kingine.

Wazazi nao nina neno kwao. Mama aliniambia mara nyingi kwamba usomi umenifanya mvivu. Hakuwa na nia mbaya, ila kila aliposema hivyo nilizidi kujifungia. Mtoto aliyekuwa mchangamfu akinyamaza ghafla, muulize analalaje, kisha msikilize.

Kazi ya mikono si dawa ya kila kitu. Ukikosa raha na hamu karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, nenda hospitali. Kwa sisi wa hapa mjini ipo ya mkoa, Maweni. Sema wazi kwamba akili haijatulia, kama ambavyo ungesema tumbo linauma. Ukianza kuwaza kujidhuru usihesabu wiki: mwambie mtu mzima unayemwamini leo hii, na akusindikize hospitali.

Nina mwenzangu wa chumba ambaye Juni ile hakurudi. Tulikuwa tunachati wakati wote wa likizo, anatuma vichekesho, nami najibu kwa vicheko, kila mmoja akimficha mwenzake. Ujumbe unaficha, sauti haiwezi kuficha sana. Nilimpigia Julai. Alipokea, tukakaa kimya kidogo, kisha akaniuliza kama ni kweli siku hizi naamka alfajiri. Nikamweleza habari za Kibirizi. Akasema nimpigie tena kesho, saa kumi na mbili asubuhi, nimwamshe.

Nilimpigia.