Msomaji Anauliza: Tuzo ya Harlon Hill ni ya Kufutana Machozi?

SWALI: Assalaam alaykum, Mhariri. Mtoto wa dada yangu anasoma chuo kimoja huko Marekani, na juzi alinitumia kwenye simu picha ya kijana aliyeshika tuzo ya Harlon Hill, ambayo aliniambia hupewa kila mwaka mchezaji bora wa futiboli ya Kimarekani, ule mchezo wa mpira wenye umbo la yai, katika vyuo vidogo. Nilipoionyesha barazani baada ya sala ya Isha, mzee wetu mmoja alisema kuwa hiyo ni tuzo ya kufutana machozi, kwani aliye hodari kweli angechukuliwa na chuo kikubwa. Sikuwa na la kumjibu. Je, ni kweli?
Msomaji, Wete, Pemba.

JIBU: Waalaykumu s-salaam. Kwa heshima zote kwa mzee wetu, jibu lake limo ndani ya jina la tuzo yenyewe. Harlon Hill, aliyezaliwa Alabama mwaka 1932, alisoma katika chuo cha ualimu cha mji wa Florence, ambacho leo ni University of North Alabama, na timu za kulipwa zilipochagua wachezaji wapya mwaka 1954, Chicago Bears walimchukua katika duru ya 15, yaani baada ya vijana zaidi ya mia moja kutangulia. Msimu huo huo wa kwanza alidaka pasi 45 zilizoipatia timu yake yadi 1,124, sawa na zaidi ya kilomita moja ya uwanja, na akafunga mara 12. Mwaka uliofuata alitajwa kuwa mchezaji bora wa ligi nzima. Mtu kama huyo hakuhitaji kufutwa machozi na yeyote, na alipoacha kucheza alirudi kwao Alabama akawa mwalimu.

Tuzo yenye jina lake ilianza mwaka 1986, na ni ya vyuo vya Daraja la Pili. Katika daraja hilo chuo huruhusiwa kutoa ufadhili unaolingana na gharama kamili za wachezaji 36 tu wa futiboli, na kwa kuwa timu ina wachezaji wengi zaidi ya hapo, fedha hizo hugawanywa, huyu akipata nusu na yule robo, huku wengine wakijilipia wenyewe. Kumpima kijana wa namna hiyo kwa mizani ya vyuo vyenye viwanja vya watu 100,000 si haki, na ndiyo maana akawekewa mizani yake.

Ninalolilalamikia mimi ni jambo jingine. Wapigaji kura ni maofisa habari za michezo wa vyuo hivyo, na kura zao kwa miaka mingi zimewaendea zaidi warushaji na wakimbizaji mpira, kwa sababu kazi ya hao huandikwa kwa tarakimu. Johnny Bailey, mkimbizaji wa Texas A&I, aliichukua mara tatu mfululizo, kuanzia 1987 hadi 1989, na aliistahiki; lakini wale wanaojibana bega kwa bega mbele yake wakimfungulia njia, nani huwahesabia? Inanifariji kwamba wachezaji wa mstari huo wanayo tuzo yao, yenye jina la Gene Upshaw, ambaye naye alitoka Texas A&I.

Mwambie mzee pia habari za Danny Woodhead wa Chadron State, mshindi wa 2006 na 2007, ambaye hakuchaguliwa na timu yoyote ya kulipwa, kisha mwaka 2012 akafunga katika fainali kuu ya ligi, Super Bowl, akiwa na New England Patriots. Tyson Bagent wa Shepherd, mshindi wa 2021, naye hakuchaguliwa, lakini mwaka 2023 aliianza mechi akiwa mrushaji wa Chicago Bears, klabu ile ile ya Hill.

Muulize mpwa wako chuo chake kiko daraja gani. Kama ni la Tatu, ambako hakuna kabisa ufadhili wa michezo, tuzo ya wenzake ni ya Gagliardi, inayotolewa tangu 1993, na hiyo hutazama pia masomo ya mchezaji na huduma yake kwa jamii.