Ukitazama filamu ya wanyamapori, mtafute asiyekuwepo

Kwa miaka mingi nilitazama filamu za wanyamapori kwenye televisheni kama mtu anayepita kando ya bustani: "mzuri huyo," kisha naenda kulala. Kesho yake sikumbuki hata jina la ndege. Kilichonibadilisha ni filamu moja kuhusu wanyama wa asili wa New Zealand.

Kiwi alikuwa akitembea msituni usiku, akinusa chini kwa matundu ya pua yaliyo kwenye ncha ya mdomo wake mrefu. Nikajiuliza, mbona ndege anaishi maisha ya panya? Jibu ni kwamba kabla ya binadamu kufika, nchi ile haikuwa na mnyama wa kunyonyesha aishiye nchi kavu isipokuwa popo, wala haikuwa na nyoka. Chini kulikuwa wazi, ndege wakahamia.

Basi ushauri wangu ndio huo. Usimtazame aliyepo tu, mtafute na asiyekuwepo.

Mchukue kakapo, kasuku mnene asiyeweza kuruka. Akihisi hatari husimama tuli, kijani chake kikimficha kati ya majani. Ukimwona utamdhania mjinga, na mimi nilimdhania hivyo. Lakini adui zake wa kale walikuwa ndege wawindaji, akiwemo tai mkubwa wa Haast aliyekwisha kutoweka, na hao huwinda kwa macho. Mbele ya macho, kutulia ni kinga. Kisha watu wakaleta panya na paka, na katika miaka ya 1880 wakaleta vicheche wa Ulaya ili wapunguze sungura, ambao nao walikuwa wameletwa. Wageni hawa hufuata harufu. Kinga ya kakapo ikawa mtego wake. Mwaka 1995 walihesabiwa 51 tu. Leo wamepita 200, wengi wao kwenye visiwa vilivyoondolewa wanyama hao. Nilipolielewa hilo nilisimamisha picha nikakaa kimya kwa muda.

Itazame filamu mara mbili, ya pili ukiwa na kalamu na ramani. Safari hiyo punguza sauti, maana muziki hukuamulia nani wa kuogopwa na nani wa kuhurumiwa. Hata vishindo vya nyayo mara nyingi hutengenezwa studio, kwa sababu kamera hupiga picha kutoka mbali na kinasa sauti hakifiki huko. Silaumu, ila ni vizuri ujue.

Na andika swali kabla filamu haijaanza. Juzi, kabla ya filamu ya Madagaska, niliandika: kule hakuna kigogota, je, mabuu ndani ya miti huliwa na nani? Baadaye akatokea aye-aye, lemuri wa usiku, akigonga gome kwa kidole kimoja chembamba huku ametega sikio.