Kamba wekundu tumboni mwa jodari

SWALI: Shikamoo Babu. Natengeneza samaki hapa Shimoni. Juzi nilimpasua jodari, tumboni nikakuta kamba wawili wekundu kama waliokwisha chemshwa. Wavuvi wetu hawajapata kuleta kamba wa namna hiyo. Wanatoka wapi, na kama wapo mbona hawavuliwi? – Msomaji, Shimoni

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hawakuchemshwa hao, ndiyo rangi yao wakiwa hai.

Kamba tuliozoea, wa Ungwana na wa delta ya Rufiji, ni wa matope. Hukulia mikokoni, na mvuvi anajua pa kuwafuata. Hao wako ni wa kilindini. Hawakanyagi mchanga, wanaelea katikati ya maji maisha yao yote. Ukitoka hapo kwenu kuelekea Pemba, mkondo una kina cha zaidi ya mita 700. Wamo humo. Wengine ni ndugu wa karibu wa uduvi tunaoukaanga.

Wekundu ndio maficho yao. Mwanga mwekundu wa jua haufiki huko chini, kwa hiyo kilicho chekundu huonekana cheusi. Mchana wengi hukaa kwenye mita 500 hadi 800. Jua likizama hupanda, wengi hadi mita 200 au juu zaidi, kufuata chakula, alfajiri hushuka. Mbalamwezi, wakati wavuvi wa dagaa hawatoki na taa zao, kamba hao nao hawapandi sana.

Ujanani nilipata kibarua kwenye meli ya utafiti. Usiku mmoja tulikokota wavu mkubwa saa nyingi. Ulipopanda ulikuwa umejaa viwavi vya baharini na visamaki vyeusi, na kamba wote hawakujaza sufuria la uji. Nilimweka mmoja kwenye ndoo, taa zikazimwa. Nilipomgusa mkia alitema wingu la mwanga wa bluu, likaning'inia majini kama moshi, naye akaponyoka upande wa pili. Mpaka leo sijaona kitu kizuri kuliko kile.

Hilo sufuria ndilo jibu la swali lako la pili. Ukiwahesabu bahari nzima ni wengi kupita kiasi, lakini wametawanyika: mmoja hapa, mwingine mbali huko. Mafuta ya meli yangekula faida yote. Jodari yeye ana macho na mbio za kumfuata mmoja mmoja. Na mimi nasema waachiwe yeye, maana tukimnyang'anya chakula tutamkosa na mwenyewe.

Ukiwapata tena usiwatupe, tafadhali. Watie kwenye chupa ya spiriti, andika tarehe na mahali jodari alipovuliwa, uwapelekee watafiti wa bahari Mombasa. Mwangalie kila mmoja kwanza: mwekundu mwili mzima kwa kawaida ni wa chini kabisa, mwenye sehemu isiyo na rangi huishi juu kidogo.